Mkono Wangu Begani kwa Mutisya

Mwalimu Halima, aliyechukua chumba changu muhula huu, aliniomba nimwandikie jinsi kazi ya ushauri nasaha inavyofanywa shuleni kwetu. Alidhani nina faili. Faili ninayo, imejaa barua na orodha za semina, na ukiisoma yote hutajua hata mahali pa kumketisha mtoto anayelia. Kwa hiyo nimeamua kuandika nikumbukavyo, kwa ajili yake na kwa wengine wachanga wanaoingia kazi hii. Vyeo na mshahara nitaviruka, vilikuja vilipotaka kuja. Ila niseme mapema ili nisiwadanganye: naandika hasa kwa sababu ya mtu mmoja, Mutisya, mwalimu wa hisabati, rafiki yangu wa pekee pale shuleni. Alinikabidhi jambo lake nami nikalitoa nje. Wiki iliyopita nilikwenda kumwomba msamaha, na nitafika huko.

Kazi yenyewe niliipata kwa kuchelewa. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, mgeni shuleni, na siku ya kugawana majukumu mvua ilinichelewesha nikakuta mkutano uko katikati. Waliowahi walikuwa wamekwisha kuchukua kandanda, maigizo na maktaba. Mwalimu mkuu wa wakati huo akanitazama, akasema, "Mwalimu Wekesa, wewe una uso wa upole, chukua ushauri nasaha." Hiyo ndiyo sifa iliyonipa kazi. Uso nilirithi kwa mama, na mpaka siku ile haukuwa umenisaidia kwa lolote.

Nilipewa stoo ya michezo nyuma ya maabara, yenye harufu ya mipira iliyopasuka. Nikaandika USHAURI NASAHA mlangoni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, nikakaa ndani kusubiri. Wiki tatu hakuja mtu. Nani angeingia mlango ulioandikwa vile huku Kidato cha Pili kizima kikichungulia dirishani? Waliokuja hatimaye walitumwa na naibu wa mwalimu mkuu, na walitumwa kama adhabu. Viboko vilikuwa vimepigwa marufuku, basi mtoto akivunja kioo aliambiwa, "Enda kwa Wekesa akunyoroshe." Walikaa mbele yangu wamekunja mikono kifuani, wakisubiri kunyoroshwa. Nami niliwahubiria, tena kwa Kiswahili sanifu. Mahubiri yale nayaonea aibu hadi leo. Maandishi ya mlangoni niliyakwangua mwenyewe kwa kisu likizo ya kwanza, na bado mkiinama mtaona alama za rangi.

Aliyenifundisha kazi si mwalimu wa chuo. Ni Madam Naliaka, mwalimu wa sayansi kimu, mama mnene mcheshi aliyekuwa akifuma vitambaa vya meza kila alipokuwa na nafasi. Wasichana wote wenye shida walikwenda kwake, nami chumba changu kilikuwa kitupu. Nikaenda kumwuliza siri yake.

"Wewe unawatazama," aliniambia bila kuinua macho. "Mtoto ukimkodolea macho atakupa jibu unalolitaka. Mpe mikono yake kazi. Wewe nawe uwe na kazi. Na ukimaliza kuuliza swali, nyamaza hata kama unaona aibu."

Kufuma kulinishinda. Nilichoweza ni kubandika vitabu. Maktaba yetu ilikuwa na marundo ya vitabu vya kiada vilivyochanika, basi nikaweka meza moja ndefu dirishani, gundi, makasi, magazeti ya zamani na karatasi za kaki za kuvikia majalada. Mtoto akiingia, namsogezea kitabu. Tunaketi bega kwa bega, sote tukitazama gundi. Maneno huja kwenye kitabu cha pili au cha tatu. Baada ya muhula mmoja wanafunzi walikuwa wakiniita Sir Gundi, na maktaba ikawa na vitabu vizima vingi kuliko shule yoyote ya mtaani. Mkaguzi mmoja alitusifu kwa kutunza vitabu. Juu ya watoto hakuuliza.

Niwaeleze kisa cha Zawadi, kwa maana kupitia kwake ndipo nilipomjua Mutisya. Zawadi alikuwa Kidato cha Tatu, akitoka Mathare kwa miguu kila asubuhi. Hakuwa mtukutu. Alikaa tu darasani, daftari wazi, kalamu mkononi, kengele ikilia ukurasa bado mweupe. Kila mwalimu alisema ni mvivu. Siku moja shule ilialika mtu wa suti aje kututia moyo gwarideni, naye alitupigia kelele nusu saa kwamba ukitaka unaweza. Alasiri Zawadi aliingia chumbani, akavuta kitabu, akapaka gundi kwa muda mrefu.

"Sir, yule msee wa leo," akasema. "Ati ukitaka unaweza. Mimi nataka. Na siwezi. Sasa?"

Nilifungua mdomo, nikakumbuka Madam Naliaka, nikaufunga.

"Nikifungua kitabu naona maswali zote ishirini," akaendelea. "Halafu naona mtihani, naona mathe akiniuliza nimepata ngapi. Nachoka kabla nianze."

Hapo nilijifunza kitu ambacho semina zilikuja kunifundisha baadaye kwa majina marefu. Mtoto aliyekata tamaa anaona mlima mzima, na ukimpigia makofi apande unamwongezea mlima. Mpunguzie cha kutazama. Nilikwenda kwa mwalimu wake wa hisabati, Mutisya, ambaye tulikuwa tukisalimiana tu koridoni. Alikuwa mwembamba, mkimya, mtoto wa mchonga vinyago aliyehamia Nairobi kutoka Ukambani. Nilitarajia aniambie nisimfundishe kazi. Alinisikiliza, kisha akakata kipande cha karatasi ya kaki chenye dirisha dogo katikati, kiasi cha swali moja. Zawadi akawa anakiweka juu ya ukurasa, anaona swali moja tu, mengine yamefunikwa. Kila siku baada ya masomo alifanya hilo moja mezani kwangu, na Mutisya akaja kusahihisha papo hapo.

La kwanza alikosea. Mutisya hakuweka alama ya kosa. Alipiga mstari chini ya hatua ya tatu, akaandika kwa kalamu ya kijani: Mpaka hapa uko sawa. Kesho anzia hapa. Zawadi alilisoma lile neno, akalisoma tena, akafunga daftari kwa taratibu sana. Hakuwa wa kwanza kitaifa, wala hakuna aliyekuja kumpiga picha. Alianza kuandika, basi, na akamaliza shule.

Kutoka siku zile tukawa marafiki, mimi na Mutisya. Miaka kumi na mmoja tulikunywa chai ya saa nne pamoja mezani kwangu, mbali na kelele za chumba cha walimu. Tulibishana kama Kiswahili kina faida kuliko hisabati, tukagawana mandazi, na siku nyingine hatukusema lolote. Ukiwa mshauri unajua siri za nusu ya shule, na kwa ajili hiyo huwezi kupiga soga na mtu. Wenzako wanakusalimu huku wakijiuliza umeambiwa nini juu yao. Nyumbani nako kulikuwa hivyo hivyo. Mke wangu alikuwa Bungoma na mama yangu mgonjwa, watoto wamekwenda zao, na katika chumba changu Kariobangi sauti ya kwanza niliyoisikia jioni ni ya redio niliyoiwasha mwenyewe. Saa nne asubuhi ndiyo saa niliyokuwa na mtu.

Kisha tukaletewa mwalimu mkuu mwingine, mpenda matokeo. Si mtu mbaya. Alianzisha desturi ya kubandika matokeo ukutani katika chumba cha walimu, kila somo na jina la mwalimu wake, kutoka juu kwenda chini, na katika mkutano kila mtu alisimama kueleza ameshuka kwa nini. Mutisya alikuwa na madarasa manne, moja lina wanafunzi karibu sabini. Jina lake lilikaa chini mihula mitatu. Mara ya tatu alisimama kueleza, akatafuta neno, akakaa bila kusema.

Siku chache baadaye tulikuwa tukibandika vitabu, yeye anapaka gundi, mimi ninakata. Akasema bila kunitazama, "Wekesa, nikifika mlango wa Kidato cha Tatu mwili unakataa."

"Unakataa vipi?"

"Moyo unakimbia. Mikono inatoa jasho mpaka chaki inalowa. Nasimama nje najifanya napekua vitabu. Leo nimesimama karibu dakika kumi." Akaweka brashi chini. "Watoto walikuwa kimya, bwana. Walikuwa wananisikiliza nikisimama."

Nilimsogezea kitabu kingine.

"Usimwambie mtu," akasema. "Mimi na umri huu, naogopa mlango."

"Hilo halitoki hapa," nilimjibu. Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote.

Tulifanya kama tulivyomfanyia Zawadi. Wiki ya kwanza nilitembea naye hadi mlangoni tukizungumzia mpira, akaingia. Wiki ya pili nilibaki pembeni mwa maabara. Alianza kila somo kwa kuita majina tu, kitu ambacho hakiwezi kumshinda mtu, na akishamaliza kuita majina tayari yuko ndani. Nilimpeleka pia kwa daktari mmoja mpole wa zahanati, akaenda mara mbili. Ilikuwa inafanya kazi. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi.

Wiki ya nne alikosa somo moja. Nilimkuta amejifungia ndani ya choo cha walimu, kengele imelia kitambo. Naibu alikuwa akizunguka na daftari lake, na nilijua kosa la pili litaandikiwa barua ya onyo. Nikaogopa atapoteza kazi. Badala ya kumwuliza Mutisya mwenyewe tufanye nini, nilijifanya mjanja. Nilimwendea Madam Susan, mwenyekiti wa kamati ya ustawi wa walimu, kamati yetu ya misiba na harusi. Yeye alikuwa akisikilizwa na mwalimu mkuu. Nilimwambia hivi, ninayakumbuka maneno yote: "Tumwangalie Mutisya kidogo, mawazo yamemlemea. Labda apunguziwe vipindi." Sikutaja mlango. Sikutaja daktari. Niliona nimeitunza siri.

"Maskini!" akasema Susan, macho yakimlengalenga. "Niachie mimi, Mwalimu."

Anayefanya kazi shule za kwetu ameshajua kilichofuata. Jumatatu walimu huanza wiki kwa mkutano mfupi na maombi, na kabla ya maombi huulizwa nani ana haja ya kuombewa. Susan alisimama. Akasema tuna ndugu yetu hapa, Mwalimu Mutisya, anayepitia kipindi kigumu cha mawazo, naye asione haya, sisi ni familia. Akamwomba asimame katikati. Mutisya alisimama kwa sababu kukataa mbele ya watu thelathini ni vigumu kuliko kukubali. Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, mgongoni, mabegani. Hata mwalimu mkuu. Hata wenzetu Waislamu walisogea wakasimama karibu kwa heshima. Walimpenda, sitawasingizia. Mtu mmoja alikuwa akilia.

Nami nilikuwa nimesimama dirishani. Niliona kwamba nisiposogea ndipo nitakapoonekana. Nikaenda, nikaweka mkono wangu begani kwake. Alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua, akauona mkono ni wa nani, akayafumba tena. Bega lilikuwa gumu kama ubao.

Kufikia mchana simu yake ilikuwa imejaa ujumbe wa kikundi cha walimu, vipicha vya mikono iliyounganishwa kwa maombi, mmoja baada ya mwingine. Kufikia alasiri wanafunzi walikuwa na habari hiyo. Msichana wa Kidato cha Pili aliniuliza huku akivika kitabu jalada, "Sir, ni ukweli Sir Mutisya ameombewa? Ati ako na stress ama ni mapepo?"

Siku ile Mutisya aliingia darasa lake na kufundisha vipindi viwili mfululizo, vizuri kabisa. Saa nne hakuja kunywa chai. Wala siku ya pili. Nilimfuata koridoni, akanipa mkono, akasema, "Habari za asubuhi, Mwalimu." Miaka yote alikuwa akiniita Wekesa. Nikasema, "Mutisya, nisikilize." Akasema ana kipindi. Mwisho wa muhula aliomba uhamisho, akapelekwa shule nyingine, na baada ya mwaka mmoja nikasikia amestaafu mapema. Hakukuwa na hafla ya kumuaga, alikataa.

Kwa hiyo Halima, hili ndilo la kushika kuliko gundi na karatasi za kaki. Kuna siku italazimu useme. Mtoto akiwa hatarini, utasema, na sheria iko upande wako. Lakini mwambie yeye kwanza kwamba utasema, umwambie utamwambia nani, na utatumia maneno gani, mkayachague pamoja. Usiseme nusu kwa mtu mwema ukidhani nusu si kitu. Nusu ndiyo hubebwa upesi. Na kama ni mwenzako anayeteseka, usimfanyie mpango nyuma ya mgongo wake kwa kuwa unampenda. Mimi nilimpenda.

Miaka sita iliyobaki niliifanya kazi vizuri, nadhani. Watoto walikuja, vitabu vilibandikwa. Ustawi wa walimu ukawa jambo la kisasa, tukaletewa semina na wawezeshaji wenye kalamu za rangi. Mmoja alituambia tuandike kwenye kikaratasi jambo moja linalotufurahisha kazini tukalibandike ukutani, palepale matokeo yalipokuwa yakibandikwa. Niliandika "chai". Mwezeshaji alicheka, akasema Mwalimu ana utani. Chai nilikuwa nikiinywa peke yangu mezani kwangu, nikitazama uzio na nguo zilizoanikwa kwenye ploti za jirani. Watu wengi walilia katika chumba kile. Mimi sikuwahi, kwa kuwa sikujua ningemlilia nani.

Nilipostaafu walinipa blanketi na keki, wakasema nina subira. Mama alikuwa ameshafariki, na mke wangu alitaka nirudi Bungoma mara moja. Nilimwambia nina jambo la kumaliza Nairobi. Hakuuliza ni lipi, nami sikumwambia. Nilikaa miezi miwili Kariobangi nikiamka saa kumi na moja bila sababu, nikivaa viatu, nikivivua.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mtaa wa Lucky Summer anakoishi Mutisya. Mkewe alinifungulia geti, akanikaribisha kama mgeni wa kila siku, akaleta chai, akatuacha uani. Mutisya alikuwa kwenye kigoda akipiga msasa mwiko wa mti. Ana mvi sasa. Alinionyesha miiko yake, akaniuliza habari za shule, za mke wangu, za mvua Bungoma. Nilivumilia kikombe kimoja, kisha nikasema.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Ni mimi niliyemwambia Susan."

"Najua," akasema.

"Niliogopa watakufuta kazi."

"Hilo pia nilijua." Akapuliza unga wa mti kwenye mwiko. "Sina kinyongo, Mwalimu. Susan hunipigia simu kila Krismasi. Sijawahi kumkasirikia yeyote pale."

Nikajisikia mwepesi kwa muda mfupi. Nikamwuliza kama ile hali iliisha, ile ya mlango.

Alifikiri. "Si mlango tena. Sasa ni mikutano. Ni kanisani. Harusi ya binti yangu nilikaa ndani ya gari mpaka nyimbo zikaisha." Alisema kwa sauti ya kawaida. "Mama watoto anadhani sipendi watu."

"Daktari anasemaje?"

"Sikurudi kwa daktari. Ningemwambia, naye angemwambia nani? Wewe ndiye mtu pekee niliyepata kumwambia."

Machozi yalinitoka, mtu mzima, uani kwa watu, na Mutisya alitazama pembeni mpaka nilipomaliza. Hakunigusa. Baadaye akaniuliza kama nitaongeza chai, nikasema ndiyo, tukainywa bila kuzungumza.

Alinisindikiza hadi njia panda. Nilimwuliza kama naweza kuja tena Jumamosi. Aliwaangalia watoto wakivuka na mitungi ya maji.

"Njoo," akasema. "Lakini usije kunisaidia."

Jumamosi ni kesho. Wiki nzima nimekuwa nikifikiria jinsi mtu anavyokwenda kwa mwenzake bila kwenda kumsaidia, na bado sijajua, lakini nguo nimeshapiga pasi.